Kumngoja Mtoto Aseme: Usonji, Wazazi na Kazi Inayowezekana Lamu

Katika nyumba moja ya mtaa wa Langoni, mjini Lamu, mvulana wa miaka minne hukaa kila alasiri kwenye daka la nyumba yao akipanga vifuniko vya chupa kwa mstari, cha buluu kikifuatwa na chekundu, na mstari ukiharibika huuanza upya. Mamake, ambaye ni jamaa yangu, huchuchumaa mbele yake na kumuuliza: "Hiki nini? Rangi gani hii? Sema. Sema chekundu. Nitazame, sema." Mtoto hageuki. Baada ya maswali kama kumi mama hunyamaza kwa uchovu. Siku niliyokuwapo, ilikuwa ni katika kimya hicho ndipo mtoto alipokitoa kifuniko kimoja mstarini na kukisukuma taratibu hadi kwenye goti la mamake. Mama hakukiona, kwa kuwa alikuwa ameshainamia simu.

Kifuniko kile kilikuwa ujumbe. Mtoto ambaye kila mtu nyumbani anasema hasemi alikuwa amemshirikisha mamake jambo analolipenda kuliko yote, na mamake, ambaye angetoa chochote apate neno moja kutoka kwake, hakuwa amefundishwa kwamba neno linaweza kuja kwa sura hiyo. Ndiyo maana nashikilia kwamba mafunzo ya kuwasaidia watoto wadogo wenye usonji, hali ya ukuaji inayoitwa autism kwa Kiingereza, kuwasiliana yanapaswa kumlenga mtu mzima kwanza, yamfundishe kunyamaza kwa makusudi, kutazama na kuitika, na kwamba yafanyike ndani ya nyumba anamoishi mtoto, kwa lugha ya nyumba hiyo, na mtu anayerudi tena na tena. Semina ya siku moja hotelini, yenye fulana na mabango ya tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kuwa ya usonji duniani, haimfiki mama huyu pale darini mwake na pale dakani.

Hesabu yenyewe inatosha kuonyesha kwa nini mzazi hawezi kuachwa nje ya kazi hii. Familia ya Lamu inayomtafuta mtaalamu wa tiba ya usemi huvuka kwa mashua hadi Mokowe, upande wa bara, hupanda basi kupitia Witu na Garsen hadi Malindi, na mara nyingi huendelea hadi Mombasa. Ni safari ya kutwa nzima, kwa nauli ya watu wawili au watatu, pamoja na mtoto ambaye kelele za stendi humtesa. Tuseme familia hiyo inajikaza na kupata saa moja kwa mwezi. Mtoto huyo yu macho zaidi ya saa mia tatu kwa mwezi, na karibu zote yuko na mamake, bibi yake, dada zake na mashangazi wanaopita. Saa moja ya mtaalamu ina faida kubwa ikiwa itatumika kuzibadilisha hizo mia tatu. Ikitumika kumfundisha mtoto peke yake ndani ya chumba, mlango ukiwa umefungwa na mama akingoja nje kwenye benchi, sehemu kubwa ya nauli ile imepotea.

Hapa lazima nitenganishe kungoja kwa aina mbili, kwa sababu neno ni moja na maana zinapingana. Mama wa mtoto huyu alipompeleka kwenye kituo kimoja cha afya, mtoto akiwa na miaka miwili, aliambiwa kwamba wavulana huchelewa kusema, asiwe na wasiwasi, asubiri. Alisubiri mwaka mmoja na nusu. Huko ni kungoja kunakomwibia mtoto miaka ambayo ubongo wake unajenga njia za lugha kwa kasi kubwa. Kungoja ninakokutetea mimi ni kwa sekunde tano, pengine kumi: mzazi amesema jambo, au ameshika kitu anachokipenda mtoto, kisha ananyamaza, anamtazama kwa uso wenye matumaini, na anahesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kuongeza neno. Anayedhani ni jambo jepesi na ajaribu. Sekunde kumi mbele ya mtoto wako asiyesema ni ndefu kama usiku wa mwenye homa, na sisi watu wa Lamu tumelelewa katika mji unaowapenda wasemaji, mji ambamo mtu hupimwa kwa namna anavyojibu salamu na anavyopokea shairi. Kimya kwetu huhisiwa kama upungufu unaodai kuzibwa mara moja.

Ushahidi kwamba mabadiliko ya mtu mzima humfikia mtoto upo, na ni vyema tuueleze kwa uaminifu, pamoja na mipaka yake. Mwaka 2010 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Jonathan Green, uliofanyika London, Manchester na Newcastle, Uingereza, kwa watoto 152 wenye usonji waliokuwa na umri wa kati ya miaka miwili na chini ya mitano. Wazazi wa nusu moja ya watoto hao walirekodiwa kwenye video wakicheza na watoto wao, kisha wakaketi na mtaalamu wakaitazama video hiyo pamoja, wakisimamisha picha pale mtoto alipogeuka kidogo, alipotoa sauti, au alipoinua kitu. Nyumbani waliombwa wafanye mazoezi kwa muda wa kama nusu saa kila siku. Matokeo ya awali yaliwavunja moyo baadhi ya watu, kwa kuwa dalili za usonji zilipopimwa na wapimaji wasiojua nani alifunzwa, tofauti ilikuwa ndogo mno kujengewa hoja. Kilichobadilika sana ni wazazi: maneno yao yaliafikiana zaidi na jambo lile lililokuwa mikononi na machoni pa mtoto, na watoto wakaanza wenyewe kuwatafuta wazazi wao mara nyingi zaidi. Kisha watafiti hao wakarudi kwa watoto 121 kati yao baada ya miaka kama sita, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yakaonyesha kwamba watoto ambao wazazi wao walifunzwa walikuwa na dalili pungufu kuliko wenzao. Utafiti mwingine wa kundi hilohilo, uliochapishwa mwaka 2022 na uliojaribu kuipeleka njia hii hadi shuleni, haukupata punguzo la dalili lililotarajiwa, ingawa mahusiano ya mtu mzima na mtoto yaliimarika tena. Kwa hiyo asitokee mtu kumwahidi mama wa Langoni kwamba mwanawe atapona. Usonji si homa. Anachoweza kuahidiwa kwa haki ni kwamba atajifunza kumsoma mwanawe, na kwamba mtoto anayesomwa huandika zaidi.

Kwa Lamu, hata hivyo, utafiti ninaouona kuwa na uzito mkubwa zaidi ni ule uliofanyika Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistan, ukachapishwa mwaka 2016. Watoto walikuwa 65, na waliowafundisha wazazi hawakuwa wataalamu wa usemi bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa kwa karibu, wakiwaendea wazazi kwa vipindi 12. Matokeo yalifanana na ya Uingereza katika jambo lile la msingi: wazazi walijifunza kufuatana na mtoto, na watoto wakaanzisha mawasiliano zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo lina mpango wake kwa walezi wa watoto wa miaka miwili hadi tisa wenye ucheleweshaji wa ukuaji, wenye vikao tisa vya pamoja na ziara tatu za nyumbani, ulioandaliwa ili uendeshwe na watu wasio mabingwa. Ninaposikia ikisemwa kwamba hatuwezi kuanza mpaka tupate mabingwa, ndipo nauliza: Rawalpindi waliwezaje?

Lakini mafunzo yaliyobuniwa Uingereza, au hata Goa, yakiingia katika nyumba ya Lamu yanakutana na mtu ambaye vitabu vyao havimpi nafasi kubwa, naye ni bibi. Mtoto huyu ninayemzungumzia ana bibi anayempenda kwa namna ambayo haimwachi aombe kitu. Akigeuza shingo kuelekea mtungini, kikombe cha maji kimeshafika mdomoni. Akinuna, dada yake amenyang'anywa mfuko wa vibanzi alioushika na kupewa yeye. Bibi anamjua kiasi kwamba anazungumza kwa niaba yake: "Anataka kulala huyu," "Hamtaki huyo, mwondokeeni." Ni mapenzi ya kweli, tena ni ujuzi wa hali ya juu, kwani bibi ameshafanya nusu ya kazi ambayo mafunzo hutaka ifanywe: ameziona ishara. Kinachobaki ni nusu ya pili, ambayo ni kumwachia mtoto upenyo mdogo wa kuimaliza ishara mwenyewe kabla haijatimizwa. Mafunzo yanayomwita mama peke yake na kumwacha bibi jikoni yatashindwa ndani ya wiki moja, maana kila upenyo utakaofunguliwa na mama utazibwa na bibi kwa huruma.

Na nyumba zetu zina vifaa vya kazi hii ambavyo havinunuliwi. Zidaka za ukutani, zile za nyumba za mawe zilizojengwa kwa ajili ya vyombo na vitabu, ndizo mahali bora kuliko pote pa kuweka kile mtoto anachokitaka: anakiona, hakifikii. Weka humo bakuli la tende au vile vifuniko vyake, kaa karibu, ngoja. Atakuvuta mkono, huo ni mwanzo. Usimnyime mpaka aseme, kwa kuwa kumnyima mtoto asiyeweza kusema ni kumtesa kwa jambo lisilo kosa lake. Pokea mkono ule kama neno, litamke wewe neno lenyewe, "tende," mpe. Kesho ngoja kidogo zaidi, huenda akanyosha kidole au akakutupia jicho. Mtoto anayetoa neno mojamoja ajibiwe kwa mawili: akisema "tende", mama aseme "tende tamu", asiseme hotuba nzima juu ya tende na faida zake.

Kuhusu maswali nitasema kwa msisitizo, kwa sababu ndiyo kosa letu kubwa na tunalifanya kwa nia njema. "Hiki nini?" ni mtihani. Mzazi anajua jibu, mtoto anajua kwamba mzazi anajua, na kwa mtoto ambaye kutafuta neno ni kazi nzito, mtihani usiokwisha humfunza kwamba mtu mzima akikaribia, raha imekwisha. Badala yake mama aketi sakafuni, uso wake uwe kimo cha uso wa mtoto, achukue naye kifuniko, akiweke mstarini, aseme "chekundu", kisha anyamaze. Hapo ameingia katika mchezo wa mtoto badala ya kumtoa mtoto humo. Vilevile lile agizo la "nitazame" liachwe. Watu wazima wenye usonji wamekuwa wakieleza kwa miaka mingi kwamba kulazimishwa kumkazia mtu macho huwachosha na hata kuwaumiza, na kwamba wengi wao husikiliza vizuri zaidi macho yakiwa pengine. Mwanasosholojia wa Uingereza Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande mbili: sisi nasi tunashindwa kumwelewa yeye. Mafunzo ya wazazi yakisimama juu ya msingi huo yanakuwa ya haki. Yakisimama juu ya nia ya kumfanya mtoto aonekane kama wengine mbele ya wageni, ni heri yasifanyike.

Yule mvulana ana neno moja analolisema waziwazi, na kwa muda mrefu nyumba nzima ililichukulia kuwa upuuzi. Husema "Mokowe, Mokowe, Mokowe!" kwa mkokoto uleule wa vijana wanaoita abiria gatini. Hulisema jikoni, hulisema usiku. Dadake mdogo ndiye aliyegundua kwamba hulisema anapotaka kutoka nje, kwa kuwa mara ya kwanza alipolisikia alikuwa mabegani mwa babake, wakienda pwani. Tabia hii ya kurudia maneno yaliyosikiwa mzima mzima ni ya kawaida sana kwa watoto wenye usonji, na utafiti wa tangu miaka ya 1980, hasa wa Barry Prizant na wenzake nchini Marekani, ulionyesha kwamba mara nyingi marudio hayo yana kazi: ni ombi, ni kukataa, ni kujituliza. Anayemwambia mtoto "acha kelele" anamfungia mlango alioutafuta kwa shida. Anayemjibu "tutoke, twende nje," anampa maneno ya kuweka mahali pa Mokowe siku atakapokuwa tayari.

Swali la lugha nalo linawatesa wazazi wa huku kuliko inavyofikiriwa. Nyumbani husemwa Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya Lamu, madrasani Kiarabu cha msahafu, shuleni Kiswahili sanifu na Kiingereza, na simuni katuni za Kiingereza cha Marekani. Wazazi wengi hushauriwa wachague lugha moja, na kwa kuwa shule inatisha, huchagua ile wasiyoimudu. Mama aliyekuwa akimwambia mwanawe "ndoo unwe mai" kwa sauti iliyojaa mahaba huanza kumwambia "come, water", maneno mawili makavu, na kila kitu kilichoyazunguka, utani, wimbo, kubembeleza, kinakauka pamoja nayo. Tafiti zilizowalinganisha watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili na wale wa lugha moja hazikuona kwamba lugha ya pili huwachelewesha. Basi mkufunzi anayekuja nyumbani lazima ajue kwamba "ndoo" ya Lamu ni "njoo" wala si chombo cha kutekea maji, na akisikia mtoto anasema "mai" asimsahihishe kuwa "maji". Mzazi afundishwe katika lugha anayobembelezea.

Wapo watoto ambao sauti haitakuja, au itakuja kidogo. Inakadiriwa kwamba kati ya robo na thuluthi ya watoto wenye usonji hufika umri wa shule wakiwa na maneno machache mno au bila maneno kabisa. Kwao, picha na ishara za mikono si kukata tamaa. Hofu ya wazazi kwamba mtoto akizoea picha ataacha kutafuta maneno imechunguzwa na haikuthibitika. Baadhi ya watoto hata huongeza usemi. Picha ya kikombe chao wenyewe, iliyopigwa kwa simu na kubandikwa mlangoni pa jiko, inatosha kuanzia. Na simu hiyohiyo, ile aliyoinamia mama siku ya kifuniko, inaweza kusimamishwa kwenye kidaka irekodi dakika tatu za mchezo, kisha mama na mkufunzi waketi waitazame. Naamini mama yule angekiona kifuniko kikisogea kwenye goti lake. Hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kufanya kazi ya kuona huko.

Ninapomtaka mama abadilike, nasema kwa tahadhari, kwa kuwa historia ya jambo hili ina dhuluma. Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto aliyeandika mwaka 1943 huko Baltimore juu ya watoto 11 wenye usonji, alidokeza kwamba wazazi wao walikuwa watu baridi. Wengine wakalichukua neno hilo, na kwa zaidi ya miaka 20 akina mama wa Marekani na Ulaya walibebeshwa lawama kwamba ukosefu wa mapenzi yao ndio uliowafunga watoto wao. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, aliibomoa nadharia hiyo kwa hoja za kibayolojia, na mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya wazazi akawatangaza kuwa hawana hatia. Kwetu lawama huja kwa sura nyingine: mama alitoka nje wakati wa magharibi akiwa mjamzito, mtoto amepigwa kijicho, kuna jini. Sioni sababu ya mkufunzi kugombana na familia inayomnywesha mtoto kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Dua ya mzazi haizuii mtu kuketi sakafuni na kungoja sekunde kumi. Ila aseme wazi, tena kila ziara, kwamba mama hakulisababisha jambo hili, na kwamba anafundishwa kwa sababu mtoto wake anahitaji usikivu wa ziada, usiohitajika kwa watoto wengine.

Nani basi aje nyumbani? Tangu Septemba 2023 Kenya ina wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba, na wengi wao ni wanawake wa mitaa hiyohiyo. Katiba ya mwaka 2010 iliziweka huduma za afya za ngazi hiyo chini ya kaunti, na chekechea vilevile, kwa hiyo milango miwili ambayo mtoto wa miaka miwili hadi sita hupitia iko katika mikono ya serikali moja ya karibu. Sipendekezi kila mhamasishaji aongezewe mzigo huu. Wana kazi nyingi, na posho yao ni ndogo. Napendekeza kaunti ya Lamu ichague wachache walio tayari, watano au sita kwa kuanzia, iwafunze kwa miezi badala ya siku, iwalipe kwa kazi hiyo peke yake, na imlipe mtaalamu mmoja wa Mombasa au Malindi awasimamie kwa simu kwa kuzitazama video zao kila wiki. Usimamizi ndio uliozifanya Goa na Rawalpindi zifaulu, na ndio unaokatwa wa kwanza bajeti inapobana. Kilifi, wenzetu wa pwani, wana taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na Wellcome Trust iliyotafiti ukuaji wa watoto wa pwani kwa miongo, na vipimo vilivyotengenezwa huko kwa ajili ya watoto wa huku, kwa hiyo hatuanzi gizani.

Nauli ya boti hadi Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, iwekwe katika hesabu tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mipango mingi ya kaunti hii huishia gatini mjini. Na vikao vipangwe alasiri, baada ya kazi za jiko na kabla ya magharibi, wakati bibi naye anapoweza kuketi.